Kanda, Wembe na Jack Johnson

Kwa wiki mbili sasa, baada ya vipindi vya jioni, nimekuwa nikifunga mlango wa ofisi na kusikiliza muziki uliorekodiwa New York kati ya Februari na Juni 1970. Ni seti ya diski tano iliyotolewa mwaka 2003 na kampuni ya Columbia, yenye vipindi vya studio ambavyo mpiga tarumbeta Miles Davis alivirekodi katika miezi ile alipokuwa ameugeukia waziwazi muziki wa roki. Nimeazimwa na rafiki yangu niliyesoma naye. Alinipa sharti moja tu, nisiikopeshe kwa wanafunzi.

Santuri ya asili, iliyotoka Februari 1971, ninaifahamu tangu ujana. Ina vipande viwili, kimoja kila upande. Cha kwanza, "Right Off", kinakaribia dakika 27, na cha pili, "Yesternow", kinazidi 25. Nimekuwa nikiwapigia wanafunzi wa mwaka wa pili kile cha kwanza kila muhula tunapofika kwenye historia ya Wamarekani Weusi katika karne ya 20, na kila mara nimewaeleza kwamba wanachokisikia ni alasiri moja ya watu waliokutana na kupiga bila kupanga. Makala hii, ndugu msomaji, ni ya mtu anayejisahihisha.

Lakini kwanza bondia. Santuri ile iliitwa kwa jina la Jack Johnson kwa sababu ilitengenezwa kuwa muziki wa filamu ya maisha yake, iliyotayarishwa na Bill Cayton. Johnson alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1878, kwa wazazi waliokuwa wamezaliwa utumwani. Tarehe 26 Desemba 1908, huko Sydney, alimpiga Tommy Burns na kuwa mtu Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ilimbidi aende mpaka Australia kwa sababu mabingwa weupe waliomtangulia walikuwa wamekataa kupanda naye ulingoni. Baada ya hapo ikaanza safari ya kutafuta mzungu wa kuurudisha ubingwa "nyumbani". Aliyepatikana ni James Jeffries, bingwa wa zamani aliyekuwa amestaafu bila kushindwa, akaombwa atoke shambani kwake aje kuitetea rangi yake. Tarehe 4 Julai 1910, siku ya uhuru wa Marekani, katika mji wa Reno, Johnson alimwangusha katika raundi ya 15.

Usiku ule miji mingi ya Marekani ililipuka. Watu Weusi waliothubutu kushangilia walivamiwa mitaani, na wengine waliuawa. Kisha likafuata jambo ambalo wanahistoria wa filamu wanalijua vizuri kuliko sisi wengine. Pambano lilikuwa limepigwa picha, na picha hizo zikaanza kuogopwa kuliko ngumi zenyewe. Miji na majimbo yalizipiga marufuku, na mwaka 1912 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia filamu za masumbwi zisisafirishwe kutoka jimbo moja hadi jingine. Ushindi haukuweza kufutwa, ila ushahidi wake ungeweza kuzuiwa usisafiri.

Johnson mwenyewe walimpata kwa njia nyingine. Mwaka 1913 jopo la wazee wa baraza, wote weupe, lilimtia hatiani huko Chicago chini ya sheria ya 1910 iliyotungwa, kwa maelezo yake, kukomesha biashara ya kusafirisha wanawake kwa ukahaba. Kosa lake halisi lilikuwa kutembea na wanawake weupe bila kujificha. Alihukumiwa mwaka mmoja na siku moja, akakimbia nchi, akapoteza ubingwa mbele ya Jess Willard huko Havana mwaka 1915, akarudi 1920 na kutumikia kifungo. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1946. Msamaha wa rais ulitoka 2018.

Davis alimpenda mtu huyu kwa sababu zisizo ngumu kuziona. Yeye mwenyewe alifanya mazoezi ya ngumi kwa miaka mingi na alimhusudu Sugar Ray Robinson. Katika maelezo aliyoyaandika kwenye jalada la santuri, anamsifu Johnson kwa magari yake ya kasi, mavazi yake na kutojali kwake. Tukumbuke pia kwamba Aprili 1970 Muhammad Ali alikuwa bado amezuiwa kupigana, baada ya kuvuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Aliporudi ulingoni Oktoba mwaka uleule, hakuna aliyehitaji kuelezwa filamu ya Johnson ilimhusu nani mwingine.

Sasa niirudie ile hadithi niliyokuwa nikiwasimulia wanafunzi. Tarehe 7 Aprili 1970, wakati Davis akizungumza na mtayarishaji wake, Teo Macero, watu watatu walikuwa wakisubiri studioni: John McLaughlin na gitaa lake, Michael Henderson kwenye besi, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akimpigia Stevie Wonder, na Billy Cobham kwenye ngoma. Walipochoka kusubiri wakaanza kupiga. Mdundo ulikuwa wa kuyumba, ule unaofanana na miguu ya bondia anayezunguka. Baada ya dakika mbili hivi McLaughlin alihama ufunguo. Henderson hakumfuata, akabaki alipokuwa. Katika mgongano ule, ambao mwalimu yeyote wa muziki angeusimamisha, Davis aliingia na tarumbeta kana kwamba mlango umefunguliwa kwa ajili yake. Herbie Hancock, aliyekuwa amepita tu pale jengoni, alikalishwa kwenye kinanda. Siku mbili baadaye Davis alikuwa San Francisco na kundi jingine, akipiga mbele ya vijana wa roki.

Hadithi hii ni ya kweli. Nilichokuwa nikikosea ni kuifanya kuwa maelezo ya santuri nzima.

Diski ya tatu inaonyesha jambo jingine. Kuna "Right Off" jaribio la 10, kisha la 10A, la 11 na la 12, kila moja peke yake, halafu, mwishoni mwa diski ya tano, vipande vile viwili kama vilivyotoka 1971. Msikilizaji anaweza kukaa na karatasi, kama nilivyokaa, akaweka alama: hapa pametoka huku, hapa pamekatwa, hapa pameunganishwa. Katikati ya "Right Off" mapigo yanakoma ghafla na tarumbeta inasikika peke yake, mbali, kama mtu anayezungumza kwenye ukumbi mtupu. Kwa miaka ishirini niliamini kwamba hapo wanamuziki walipumua pamoja. Kumbe ni kipande kilichorekodiwa miezi kadhaa kabla, kikapandikizwa kwa wembe.

"Yesternow" ndiyo iliyonitikisa zaidi. Kinachoanza na kundi la Aprili kinapita kwenye dakika chache zilizochukuliwa kutoka santuri ya Davis ya mwaka 1969, kisha kinaingia kwenye muziki uliopigwa na kundi lenye watu wengine tarehe 18 Februari 1970. Hawa ni Jack DeJohnette kwenye ngoma, Dave Holland kwenye besi, Chick Corea kwenye kinanda, Bennie Maupin na klarineti yake nzito, na Sonny Sharrock, ambaye gitaa lake linalia kama bati linalokatwa. Kipande chao, kilichopewa jina la mwimbaji wa muziki wa kantri Willie Nelson, kimo kwenye diski ya kwanza katika majaribio sita. Jalada la 1971 lilitaja kundi la Aprili tu. Sharrock alisikika na wote walioinunua santuri ile, na hakuna aliyeambiwa kwamba ni yeye.

Nikiri kwamba kusikiliza majaribio sita ya kitu kilekile si starehe. Usiku wa tatu nilisinzia. Yapo majaribio ambayo hayakustahili kutoka, na yapo ambayo Davis hapigi kitu chochote kwa dakika kadhaa huku wengine wakizunguka kwenye mdundo mmoja kama watu waliopoteza ufunguo wa nyumba. Macero, aliyefariki mwaka 2008, hakuzifurahia seti hizi. Alikuwa mtunzi aliyesomea Juilliard, mpiga saksafoni, na kwake kazi ilikuwa ile iliyotoka mwaka 1971. Mabaki yaliyobaki sakafuni yalikuwa mabaki. Namwelewa. Mpishi hapendi wageni waingie jikoni kuhesabu maganda.

Hata hivyo mtu akitaka kujua Macero alifanya nini, ni mabaki hayo ndiyo yatakayomwambia. Chukua "Go Ahead John", iliyorekodiwa Machi 1970 na kutolewa 1974 kwenye santuri nyingine. Ilipotoka ilikuwa na urefu wa karibu nusu saa, gitaa likirukaruka kutoka sikio hili hadi lile, na tarumbeta mbili za Davis zikisemezana. Kwenye seti hii kipande hicho kimerudishwa kuwa sehemu zake, mbalimbali, bila ujanja wowote wa mitambo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mazungumzo yale ya tarumbeta mbili hayakupata kutokea chumbani. Yaliundwa mezani na mtu mmoja mwenye kanda mbili. Ni mazuri vilevile. Ila kuyasikia na kuyaandikia historia kana kwamba yalitokea ni mambo mawili tofauti.

Wako watakaosema huku ni kutafuta makosa kwenye furaha ya watu. Sidhani. Swali la nani alifanya nini lina uzito wa pekee kwenye kazi iliyobeba jina la Jack Johnson, mtu ambaye sheria ya taifa zima iligeuzwa ili picha zake zisionekane. Filamu ya Reno, kwa bahati, haikupotea. Mwaka 2005 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, katika nchi ileile iliyokuwa imeizuia. Na kanda za Columbia zilibaki zaidi ya miaka thelathini kwenye maghala ya kampuni, zikiwa na namba na tarehe, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipwa kuandika namba na tarehe. Tunapozungumzia "kumbukumbu" tunapenda kuifanya iwe kitu cha moyoni. Mara nyingi ni karani, rafu na chumba kisichoingia maji.

Naandika haya kwa sababu ya jambo langu mwenyewe, ambalo seti hii imelifukua.

Miaka ya 1990, nikiwa mtafiti kijana, nilimhoji mzee mmoja aliyekuwa mpakizi wa bandari ya Dar es Salaam wakati wa mgomo wa 1947. Tulizungumza siku mbili, Jumanne na Alhamisi, kwenye baraza ya nyumba yake, nikajaza kaseti tatu. Jumanne alikuwa amechoka na alirukaruka. Alhamisi alikuwa mchangamfu, lakini alirudia mengi kwa namna tofauti, na idadi ya siku za mgomo haikuwa ileile. Nilipoandika, nilichukua nusu ya sentensi ya Jumanne nikaiunganisha na nusu ya Alhamisi. Niliondoa kikohozi, niliondoa alipomwita mjukuu alete maji, niliondoa mahali aliponiuliza mimi nina watoto wangapi. Ikatoka kauli moja iliyonyooka, ya kurasa nne, na imenukuliwa mara kadhaa na watu ninaowaheshimu. Hakuna niliyemweleza kwamba mzee hakupata kuitamka hivyo.

Mwaka jana binti yake alikuja ofisini. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alikuwa amesikia kutoka kwa jamaa kwamba baba yake "yumo kitabuni". Nikampa nakala. Akaisoma palepale, polepole, akiwa amekaa kwenye kile kiti cha wageni kisicho na mkono mmoja. Akasema, "Ahsante, Mwalimu. Ni maneno yake haya." Kisha akaomba kaseti. Watoto wa ndugu zake hawakuwahi kumsikia babu yao.

Kaseti zilikuwa ghali siku zile, na posho yangu ya utafiti ilikuwa imekwisha. Baada ya kunakili nilichokihitaji, nilirekodi juu yake. Mbili zilikwenda kwenye mahojiano mengine. Ya tatu ninayo bado, ndani ya droo hii ninayoigusa kwa goti ninapoandika. Ina semina moja kuhusu nadharia ya utegemezi, na mzungumzaji mkuu ni mimi.

Nilimweleza yule mama hivyo hivyo, bila kupunguza. Hakukasirika. Aliikunja ile nakala, akaiweka kwenye mkoba, akaniuliza kama kulikuwa na mahali popote katika mazungumzo yale ambapo baba yake alicheka.

Palikuwapo. Ilikuwa Alhamisi, karibu na mwisho, aliposimulia jinsi yule msimamizi wao alivyojaribu kubeba gunia mwenyewe.