Fuvu Kalenga, Mwili Mlambalasi

Juma hili tumerejea Igowole kutoka Iringa tukiwa na vumbi miguuni na swali moyoni.

Tuliingia kwanza Iringa Boma, jengo la enzi ya Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Mzee mmoja wa msafara alisita mlangoni. Zamani, alitueleza, neno boma lilimkumbusha mtu kodi na kiboko, wala hakuzoea kuingia humo kwa hiari. Ndani alikaa muda mrefu kuliko sisi sote.

Kisha tukaenda Kalenga. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyotekwa na jeshi la Gavana von Schele tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kumwua Zelewski pale Lugalo. Mkwawa hakujisalimisha. Aliendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi. Sajini Merkl alikuta maiti. Kichwa kikakatwa na kuchukuliwa.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliiagiza Ujerumani ikirudishe kichwa hicho katika miezi sita. Ilipita miaka thelathini na mitano! Gavana Twining alilitafuta fuvu katika makumbusho ya Bremen, lilikochaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa zake walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Wako wanaotilia shaka vipimo vile, nasi hatuwalaumu.

Nyumba ya makumbusho ni ndogo, na fuvu limo ndani ya kioo. Kijana mmoja aliuliza kwa nini lisizikwe pamoja na mwili, ulioko Mlambalasi. Tulitaka kumjibu kwamba Kanisa hufundisha kuheshimu mwili wa marehemu, lakini Wahehe hawakungoja sisi tuwafundishe jambo hilo. Tena, kama fuvu lingezikwa, je, kijana huyo angeuliza lolote? Hata hivyo, mtu aliyerudishwa kwao bado amegawanyika sehemu mbili, na kati yake ipo safari ya gari.

Mlambalasi hatukufika, jua lilikuwa limekwisha kushuka, na Mafinga tuliipita katika ukungu. Tumekubaliana kwenda mwezi Julai. Mzee yule ameomba kiti cha mbele.