Shinikizo la Hewa Kooni: Koo Lipi?

Wafasiri wa vitabu vya fonetiki huandika "shinikizo la hewa kooni" pasipo kusita. Walimu wa fizikia husema kanieneo. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni juu ya koo, neno lililobebeshwa mzigo wa viungo vitatu.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Lugha ya Wanyakyusa, ambayo Wajerumani waliiita Konde, iliandikwa, na mwaka 1899 Carl Meinhof akaichambua katika kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu. Kipimo kikuu cha wakusanyaji hao kilikuwa sikio. Sikio hutambua p ya Kyela. Halipimi nguvu ya pumzi iliyo chini ya nyuzi za sauti.

Vipimo vya nguvu hiyo vilikuja baadaye. Cha kwanza ni sindano inayopenya shingoni hadi katika bomba la hewa: hicho ndicho cha hakika zaidi, ila chahitaji daktari na mtu aliye radhi kuchomwa. Cha pili ni puto dogo linalomezwa hadi katika umio. Janwillem van den Berg wa Groningen alilinganisha upimaji wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja mwaka 1956. Kipimo cha puto hubadilika kadiri mapafu yanavyopungua hewa; asiyekisahihisha hudanganyika. Cha tatu, kilichoelezwa na Smitheran na Hixon mwaka 1981, ni mrija mwembamba kinywani. Midomo ifungwapo kutamka p, glota ikiwa wazi, hewa ya kinywani na ya chini husawazika kwa kitambo kidogo. Katika mazungumzo ya kawaida hupatikana takriban sentimita 5 hadi 10 za maji.

Hiki cha tatu chaweza kutumika Kyela bila kumwumiza mtu, kwani Kinyakyusa, kama Kiswahili, kina p katika kiambishi cha mahali pa-. Hata hivyo hutoa makadirio tu; irabu yenyewe haipimwi.

Basi mwalimu akikuta takwimu tatu, zote za "kooni", atalinganisha visivyolingana. Twapendekeza kinachotafutwa kiitwe shinikizo chini ya glota, na vinavyosomwa viitwe shinikizo la bomba la hewa, shinikizo la umio na shinikizo la kinywa. Koo libaki neno la mazungumzo.