Abiria Wanaonyamaza: Udhalilishaji wa Wanawake Safarini, Makambako hadi Njombe

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia huachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita mjini humo. Mwanamke anayekwenda Njombe ambaye hakupata basi la moja kwa moja hushuka hapa na kutafuta Coaster au Noah ya kumalizia kilomita 60 hivi zilizobaki. Katika stendi za namna hii, Tanzania nzima, safari inaweza kuanza kwa mikono: mpiga debe anamvuta, konda anamsukuma kiunoni ili asogee nyuma, na ndani ya gari lililojazwa kupita kiasi jirani anampapasa akisingizia msongamano. Akilalamika, jibu wanalijua wote: kama hutaki kubanwa, kodi teksi.

Jibu hilo hutoka kinywani mwa mtu mmoja. Makala haya yanawahusu wale wengine wanaolisikia, kisha wanageukia dirishani.

Maelezo yaliyozoeleka vyuoni kuhusu ukimya huo yalianzia New York. Machi 1964 mwanamke aitwaye Kitty Genovese aliuawa karibu na nyumbani kwake, na gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 walishuhudia bila kufanya lolote. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané wakafanya jaribio, wakalichapisha 1968: mtu aliyeamini yuko peke yake alikuwa mwepesi zaidi wa kumsaidia mtu aliyesikika akiugua ghafla kuliko aliyeamini kuna wengine wanaosikia. Baadaye ilibainika kuwa habari ya mashahidi 38 ilikuwa imetiwa chumvi. Na mwaka 2019 Richard Philpot na wenzake walichapisha uchambuzi wa picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika magomvi 219, takribani mara tisa katika kila kumi alijitokeza angalau mtu mmoja kuingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano huo ulivyopanda. Basi wingi wa abiria peke yake hautoshi kueleza ukimya wa garini.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko stendi. Sauti ikipaa "Mwizi!", wauza ndizi, bodaboda na abiria huacha shughuli zao na kukimbia. Hakuna anayemuuliza aliyeibiwa kwa nini alibeba simu mkononi. Watu haohao wakimsikia mwanamke akisema "niache, unanishika nini?", wengi huinamisha vichwa, na mmoja huuliza alivaa nini. Hawakosi ujasiri, ujasiri wameuonyesha kwa mwizi. Wanachokosa ni imani kwamba jambo hili linawahusu. Wizi umehesabiwa kuwa kosa dhidi ya wote, lakini mwili wa mwanamke ni suala lake na aibu yake, akalimalize mwenyewe.

Fikra hiyo ina historia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Marufuku ilipangwa kuanza Januari 1969, lakini Kariakoo jijini Dar es Salaam haikusubiri: makundi ya vijana yaliwashusha wanawake kwenye mabasi kwa nguvu na kuwachania nguo, hata polisi wakaitwa kuyatawanya. Swali la "alivaa nini" lilishapata watekelezaji wake zaidi ya nusu karne iliyopita.

Nairobi nayo ina somo lake. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye kituo cha matatu (daladala za Kenya), na kabla mwaka haujaisha Kenya ikaweka katika Kanuni yake ya Adhabu kifungu cha 251A kinachotoa kifungo kisichopungua miaka kumi kwa anayemvua mtu nguo kwa nguvu. Katika tukio jingine la namna hiyo la Septemba mwaka huo, lililotokea Githurai, mahakama iliwatia hatiani dereva, kondakta na mhudumu wa kituo cha mafuta, na Julai 2017 ikawahukumu kifo kwa wizi wa kutumia nguvu. Adhabu hiyo si ya kuigwa. La kuzingatia ni kazi zao: wawili kati yao walikuwa ndio wahudumu wa gari, watu ambao abiria aliyeonewa alitarajia kuwakimbilia.

Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ambayo TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ilikuwa miongoni mwa walioipigania, iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D: anayemsumbua mtu kijinsia kwa maneno au vitendo alistahili kifungo hadi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Lisilosemwa sana ni kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungu cha 7, ilimtaka kila anayejua kuwa kosa la Kanuni ya Adhabu limetendeka atoe taarifa polisi au kwa mwenye mamlaka wa eneo hilo. Kwa kipimo hicho, abiria aliyeona akanyamaza ameacha wajibu wa kisheria, si wema wa hiari tu.

Hapa hakuna anayeombwa kupiga mtu. Kujichukulia sheria mkononi kumeshaua wengi nchini, wakiwemo wasio na hatia. Kinachohitajika ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: "Dada, njoo ukae huku." "Konda, simamisha gari." Kuandika namba ya gari. Kumsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo inayotoa leseni za magari haya. Iwafundishe makondakta kwamba usalama wa abiria unahusu pia mwili wake, na imwajibishe mmiliki ambaye wafanyakazi wake wanadhalilisha wanawake. Na wewe unayesikia "niache" kwenye gari la Njombe, simama upande wake, na polisi wakihitaji shahidi, kubali jina lako liandikwe.