Nyara za Lusinga: Kutoka Moba hadi Brussels

Mnamo Desemba 1884, rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, waliotumwa na luteni Mbelgiji, Émile Storms, walikivamia kijiji cha Lusinga lwa Ng'ombe, chifu wa Watabwa aliyetawala milimani, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Moba ya leo. Kijiji kilichomwa moto, Lusinga akakatwa kichwa, na sanamu ya mbao ya mababu zake ikatekwa. Storms, aliyejenga kituo cha Mpala mwaka 1883, alikuwa mtumishi wa jumuiya iliyoanzishwa na Mfalme Leopold II mwaka 1876 kwa jina la sayansi na ustaarabu. Lusinga naye hakuwa malaika. Aliuza watumwa na majirani walimwogopa.

Sanamu ile haikuwa pambo. Kwa Watabwa, sanamu za mababu zilithibitisha haki ya ukoo kutawala, kwa hiyo kuiteka kulikuwa sehemu ya vita yenyewe. Ng'ambo ya bahari ikapoteza kazi hiyo: Storms aliiweka nyumbani kwake pamoja na silaha na vitu vingine alivyokusanya. Fuvu la Lusinga lilipelekwa kwa wataalamu wa Brussels, likapimwa na kuandikiwa maelezo mwaka 1886. Baada ya Storms kufa mwaka 1918, mjane wake aliitoa sanamu kwa makumbusho ya Tervuren katika miaka ya 1930. Fuvu lilihamishiwa taasisi ya sayansi asilia ya Brussels mwaka 1964.

Kongo ilidai mali zake mapema. Rais Mobutu alilisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, na kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilikabidhi vitu 114 kutoka Tervuren. Utawala wa Mobutu ulipoporomoka mwaka 1997, makumbusho ya Kinshasa yaliporwa, na baadhi ya vitu hivyo vikaonekana tena katika masoko ya sanaa ya Ulaya. Mkataba wa Hague wa 1954 ulikwishakataza uporaji wa namna hiyo wakati wa vita, lakini mkataba haulindi ghala lisilo na mlinzi aliyelipwa mshahara. Wale wanaoutumia wizi huo kama hoja ya kutorudisha chochote husahau kwamba wanunuzi walikuwa Ulaya.

Mwaka 2022 mlango ulifunguka kidogo. Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000, Mfalme Philippe akapeleka Kinshasa barakoa ya Kakuungu ya Wasuku kwa mkopo usio na kikomo, na Julai ikapitishwa sheria ya urejeshaji. Sheria hiyo inahusu vitu vilivyochukuliwa tangu Februari 1885, Mkataba wa Berlin ulipotiwa saini, hadi uhuru wa 1960. Sanamu ya Lusinga ilitekwa muda usiofika miezi mitatu kabla ya hapo, mkutano wa Berlin ukiwa unaendelea. Mabaki ya binadamu hayamo kabisa katika sheria hiyo, kwa hiyo fuvu nalo likabaki nje.

Si vitu tu vilivyoondoka Kongo. Vita vya 1996 na 1998 viliwaondoa watu wengi wa Uvira, Fizi na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Wengi walivuka kwenda Kigoma, Tanzania. Wengine walifika Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Mtu anayekimbia risasi habebi kinyago kizito. Hubeba mtoto, sufuria na godoro. Ngoma, nyimbo na majina ya koo ndivyo vilivyofika, na tangu 2014 sehemu yake husikika katika Tamasha la Tumaini kambini humo.

Sheria ya Ubelgiji inataka serikali mbili zikubaliane kwanza. Mkimbizi aliyeko Dowa, hata akiwa mzao wa koo zilizoporwa, si mmoja wa wanaozungumza.