Mercedes Kuukuu na Njia ya Loliondo

Akutanaye na Mercedes-Benz 219 inayouzwa ikingali katika hali yake ya asili, rangi imepauka na vumbi limeganda kwenye bawaba za milango, asiidharau. Kwani ni aina iyo hiyo aliyoshindia dereva Bill Fritschy mashindano ya magari ya Safari mwaka 1959, na tena 1960, mashindano yaliyoasisiwa mwaka 1953 kwa taadhima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia za mashindano ya zama hizo zilishabihi ile itokayo Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, ikapita chini ya mlima Ol Doinyo Lengai hadi Loliondo: mawe, vumbi na makorongo. Basi, kulipaka gari la aina hiyo rangi mpya ni kufuta tarikhi yake. Mnunuzi mwenye insafu atatengeneza injini, breki na springi, na yaliyosalia atayahifadhi yawe ushahidi kwa vizazi.