Ujirani, si "Usio wa Kibinadamu"

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi mmoja mjini Bukavu: semina ya "usanifu usio wa kibinadamu". Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la sambaza alilisoma, akamgeukia mlinzi: "Papa, ile njo nini? Banaenda kujifunza kutesa batu?" Mlinzi hakuwa na jibu. Waandaaji walikusudia jambo jema kabisa, usanifu unaomhesabu gorila, mti na mto tangu mchoro wa kwanza. Kiswahili chao kikasema kinyume.

Kosa hilo halikuanzia mlangoni. Limo katika orodha za istilahi za kamati ambazo, kwa heshima zote, zinaonekana hazisikilizi redio. Watangazaji wakiripoti "vitendo visivyo vya kibinadamu", msikilizaji wa Kivu Kusini hahitaji kufafanuliwa. Kundi pinzani limekuja na "usanifu wa wasio watu", na hapo mambo yameharibika zaidi, maana Mswahili akisema "yule si mtu" hamsemi gorila, anamsema mwanadamu katili. Pendekezo la tatu, "usanifu unaozidi binadamu", linaita majini.

Mwandishi wa makala haya (msomaji wa Bukavu, ambako makala ni mkaa, asitafute gunia: haya si makala ya kupikia, ambayo mengine hutoka kwenye miti ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega) ana neno lake siku nyingi: ujirani. Usanifu wa ujirani.

Neno lina ukoo. Kiarabu kina *jār* kwa mmoja na *jīrān* kwa wengi. Waswahili waliuchukua wingi wakaufanya umoja, kana kwamba walijua hakuna jirani wa peke yake. Kisha wakalivusha nje ya watu: nyumba jirani, kijiji jirani, nchi jirani. Nchi si mwana wa Adamu, na hakuna kamati iliyowahi kulalamika. "Binadamu", kwa upande wake, ni *bin Ādam*, mwana wa Adamu. Ukilitia katika istilahi hii, hata kwa kulikanusha, Adamu anabaki kuwa kipimo na gorila anatajwa kwa kile asichokuwa. Na kwa kuwa tumefika kwenye mizizi: "istilahi" yenyewe ni shina moja na suluhu na maslahi. Ni neno ambalo watu wamepatana. Wanaolitangaza kabla ya kupatana na watumiaji wake wangeitafutia kazi yao jina jingine.

Mfano wa kuiga upo. Tanzania ilipotaka jina la mapito ya wanyama haikubuni zimwi la maneno matano. Ilichukua "ushoroba", ujia mwembamba, ikawapa tembo. Leo ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, unatajwa bila mtu kukunja uso.

Wapinzani wana hoja moja yenye uzito. Bukavu, wanasema, jirani ni neno chungu: ng'ambo ya mto Ruzizi ni nchi nyingine, na tangu 1996 vita vimevuka huko zaidi ya mara moja. Kweli. Lakini hiyo ndiyo nguvu ya neno. Jirani hachaguliwi wala si lazima apendwe. Mnagawana mpaka, basi, na kila mmoja anajua kelele za mwenzake. Wakulima wa Kabare wanaopakana na hifadhi wanaujua ujirani wa aina hiyo.

Na hifadhi yenyewe ni ushahidi. Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970 kwa ajili ya gorila wa Grauer, ikapanuliwa 1975, na Wabatwa walioishi msituni wakaondolewa kwa nguvu. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilikiukwa. Ukigawa msitu kwa mizani ya binadamu huku na wasio binadamu kule, kumpa nafasi mmoja ni kumfukuza mwingine. Jirani haongezwi kwa kumtoa jirani.

Jiji nalo halijapona kosa la kumsahau jirani. Mvua ikipiga mtaa wa Kadutu, sashe na chupa za plastiki hutelemka na mifereji hadi Ziwa Kivu, huelea polepole hadi Ruzizi, ambako maji ya ziwa hilo hutokea, na hukwama kwenye bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitambo inakosa pumzi, taa za Bukavu zinazimika. Aliyechora mitaa hakuhesabu mto. Kenya walimhesabu tembo: chini ya barabara ya Nanyuki–Meru waliacha njia ya tembo kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, na mwanzoni mwa 2011 dume aliyeitwa Tony akapita, magari yakinguruma juu yake.

Matumizi, kwa haraka: daraja la ujirani, uzio wa ujirani, mfereji wa ujirani.

Pendekezo hili la ujirani lilipelekwa kwa mojawapo ya kamati hizo za istilahi, kwa mkono, nakala tatu. Lilirudi baada ya miezi likiwa na swali moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani amesema gorila ana jirani?" Chini yake muhuri, na tarehe imekosewa.