"Code" moja, maana nyingi: fumbo la Kilindini, 1942

Majuzi nilikuwa natafsiri programu ya simu kwa Kiswahili na Kijapani. Neno la Kiingereza "code" lilitokea mara tatu katika ukurasa mmoja, nami kwa uvivu nikajaza "kōdo" kote kwenye safu ya Kijapani. Nikachekwa! Code ya posta Wajapani huiita yūbin bangō, yaani nambari ya posta. Code ya sheria ni hōten. Code ya siri ni angō. Kōdo ni ile tunayoandika sisi waandishi wa programu, na pia ni waya wa umeme. Hata kwetu, ukiandika "kodi", mwenye nyumba atabisha hodi.

Kosa langu halikumdhuru mtu. Lakini hapa Mombasa neno hilihili liliwahi kuwa suala la vita.

Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo. Meli za kivita za Uingereza zikahamia Kilindini, pamoja na wataalamu wa kufumbua siri za redio, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Fumbo mojawapo lililowasumbua liliitwa JN-40, la meli za mizigo za Japani.

Walidhani ni code hasa: kitabu ambamo kila neno zima lina nambari yake, kisha nambari nyingine inajumlishwa juu yake ili kuificha, kama ilivyokuwa JN-25. Haikuwa hivyo. JN-40 ilitumia jedwali la vikundi 100 vya tarakimu mbili mbili, halafu tarakimu zikavurugwa kwa safu. Hakukuwa na kitabu cha kutafuta!

Kosa la Wajapani wenyewe ndilo lililowafumbua macho John MacInnes na Brian Townend. Kufikia Novemba 1942 waliweza kusoma ujumbe wa zamani na mpya. Misafara ya meli, hata iliyobeba askari, ikajulikana ilipo na ikaweza kushambuliwa.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hata hivyo, werevu nao walichelewa kwa kudhani wanajua ni fumbo la aina gani. Kijapani chenyewe huita aina zote mbili angō.

Jedwali langu la tafsiri sasa lina safu mpya kando ya kila neno: "Ya kazi gani?"